Ishirini Nukta Sita

Mtu wa kwanza kunipigisha magoti katika kazi yangu ya ualimu alikuwa mtunza maabara. Nilikuwa nimeripoti shuleni siku mbili kabla, shahada yangu ya kemia ikiwa bado kwenye bahasha ya kaki, nikaingia maabara kujionyesha. Mwanamke mfupi mwenye koti jeupe lililofubaa, miwani ikining'inia shingoni kwa uzi, alikuwa anapangusa meza ya mwisho. Akanionyesha bureti, ule mrija mrefu wa kioo wenye mistari ya vipimo na koki chini yake, akaniomba nimsomee maji yamefika wapi. Nikasoma nikiwa nimesimama, mkono mmoja mfukoni.

"Mwalimu," akaniambia kwa adabu zote, "piga magoti."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Basi nikapiga magoti na suruali yangu mpya, jicho likawa sawa na maji, na nikaona kwamba uso wa maji ndani ya mrija haukai bapa. Umebonyea katikati kama godoro kuukuu, na panaposomwa ni pale chini kabisa palipobonyea. Nilikuwa nimekosea mistari mitatu. Hayo yote niliyajua, niliyaandika kwenye mitihani na nikapewa alama. Magoti yangu tu ndiyo yalikuwa hayajafundishwa.

Wanafunzi walimwita Bi Tone, na jina lilimkaa kiasi kwamba hata barua za ofisi zilikuwa zikimfuata kwa jina hilo. Lilitokana na maneno yake mwenyewe. Mwanafunzi anapomwaga asidi kutoka kwenye bureti kuingia kwenye chupa ya besi, mwanzoni anaweza kuiachia tu itiririke. Lakini ukikaribia mwisho, tone moja ndilo linaloamua. Hapo Bi Tone alikuwa anatokea nyuma ya mtu bila kusikika, anainama, anasema kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto alale, "Tone moja, mwanangu. Tone moja tu." Rangi ya njano inayumba, inakaribia kubadilika, inarudi. Tone lingine, ikageuka waridi na kubaki hapo. Nimeona vijana wakorofi, wa kuvunja madirisha, wakishusha pumzi kwa pamoja kwa sababu ya tone hilo.

Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu, lakini nusu ya ninachofundisha leo nimekiiba kwake. Kiashiria, ile dawa ya kubadilisha rangi, alikiita mmbeya. Asidi na besi zote zinaonekana kama maji, alisema, huwezi kujua nani yuko ndani mpaka umwite mmbeya. Yeye hana siri, akimkuta asidi anatangaza wekundu, akimkuta besi anatangaza njano. Zikikutana hizo mbili zinamalizana, na kinachobaki ni chumvi na maji, kama watu waliogombana wakabaki wamechoka. Darasa zima lilikuwa linacheka, na hakuna aliyesahau.

Moli ilikuwa inanitesa kila mwaka. Unasimama mbele ya vijana unawaambia kuhusu namba yenye sifuri ishirini na kitu, wanakutazama kama umewatukana. Siku moja nikiwa nimekwama hapo, Bi Tone, aliyekuwa anasuuza mirija kwenye sinki, aligeuka akawauliza wanapotumwa mayai wanahesabu moja moja au wanataja trei. Wakasema trei. Akauliza trei ya mayai ya kuku na trei ya mayai ya kware, ipi ina mayai mengi. Wakasita, halafu mmoja akasema ni sawa. Na uzito je? Si sawa. "Basi moli ni trei," akasema, akarudi kwenye sinki lake. "Idadi ni ile ile, uzito kila mtu na wake." Nilimshukuru kwa shingo upande, maana nilikuwa nimeandika ubao mzima.

Maabara yenyewe ilikuwa chumba kirefu cha meza kumi na nne, na mabomba ambayo karibu nusu yalitoa upepo badala ya maji. Nyuma kulikuwa na stoo isiyozidi hatua nne kila upande. Humo ndimo alimokuwa anaishi, ukiniuliza mimi. Mizani ilifunikwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Chupa zilipangwa kwa mwandiko wake juu ya plasta nyeupe, na kwenye kona palikaa ndoo kubwa ya plastiki yenye koki, iliyoandikwa kwa rangi nyekundu: CHOMBO KIMOJA.

Hiyo ilikuwa sheria, na haikuwa na msamaha. Mmumunyo wowote utakaopewa watahiniwa lazima utoke kwenye chombo kimoja, uwe umekorogwa pamoja, na akorogaye ni yeye, kwa mwiko mrefu wa plastiki, mizunguko mia mbili kwa hesabu ya sauti. Ukimsemesha akiwa mia na arobaini, anaanza upya. Nilijifunza kukaa kimya.

Niliona ni ushirikina wa kisayansi, na nikamwambia hivyo. Hakukasirika. Tulikuwa tunasafisha pipeti, ile mirija ya kufyonzea mmumunyo, baada ya vipindi, na akanisimulia bila kuacha kazi.

Alipokuwa na miaka kumi na saba aliipenda kemia kuliko chakula. Alitaka kwenda chuo cha wauguzi, na chuo kilitaka kemia. Kwenye mtihani wa vitendo alikaa meza ya mwisho, karibu na dirisha. Besi iliisha kabla ya kufika meza yake, na mzee wa maabara akaenda stoo akarudi na chupa nyingine. Yeye akapima asidi inayoimaliza besi ile, akapata ishirini nukta sita. Akarudia, ishirini nukta sita. Mara ya tatu, hivyo hivyo. Lakini minong'ono ilikuwa imeanza kupita kati ya meza, na yote ilikuwa inasema ishirini na nne. Jirani yake wa meza ile ile, aliyepata kama yeye, akafuta akaandika ishirini na nne. Yeye akashindwa kuandika kitu ambacho hakukiona. Nje, wenzake walipokusanyika kulinganisha, kila mtu ishirini na nne, naye alipotaja yake walimcheka hadi wengine wakaketi chini. Mmoja alimuuliza kama macho yake yana kutu.

Utaratibu wa mtihani ule ni kwamba mwalimu naye hupima mmumunyo ule ule na kuandika alichopata, halafu majibu ya watahiniwa hulinganishwa na ya mwalimu. Mwalimu alipima ya chupa ya kwanza. Jirani akafaulu. Yeye akaanguka, chuo kikamfungia mlango, na akaamini kwamba hajui kusoma bureti.

Aliamini hivyo miaka minane. Akaja hapa shuleni kama mfagiaji, na kwa kuwa mikono yake haikuvunja kitu, akapewa kazi ya kuosha vyombo vya maabara. Ndipo siku moja ya mvua akakuta kopo la sodiamu haidroksaidi limesahaulika wazi. Watengeneza sabuni huiita kostiki. Ni punje nyeupe kama dengu zilizomenywa. Asubuhi zilikuwa kavu, jioni zimelowa na kushikana. Akamuuliza mwalimu wa wakati huo nani amezimwagia maji. Mwalimu akamwambia hakuna, punje hizo zinavuta maji hewani zenyewe, zinatoka jasho. Ndiyo maana ukizipima zikiwa hivyo, mizani inakuhesabia na maji. Unadhani umeweka kostiki yote, kumbe sehemu ni maji, na mmumunyo unakuwa hafifu, na asidi kidogo tu inaumaliza.

"Asidi kidogo kuliko ya chupa nyingine?" alimuuliza.

Mwalimu akasema ndiyo, kama chupa nyingine ilitengenezwa kwa punje kavu.

Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akalia mpaka mwalimu wa watu akaogopa. "Nilikuwa nimesoma sawa, mwanangu," aliniambia, akiinua pipeti kwenye mwanga kuangalia kama ina doa. "Miaka minane nilikuwa nimesoma sawa."

Ningependa kusema kwamba tangu siku hiyo nilibadilika, lakini mimi ni mtu wa kujifunza mara ya pili.

Mwaka uliofuata, mtihani wa vitendo ulikuwa Jumatano. Jumatatu nikamwambia Bi Tone kwamba safari hii nitapima kemikali mwenyewe. Mimi ndiye mwalimu wa somo, na nilikuwa nimechoka kuonekana kama mgeni kwenye stoo yangu. Alinipa ufunguo. Nikapima kostiki vizuri kabisa, hilo nalisema kwa kujisifu. Halafu simu ikaita, alikuwa mchumba wangu, na mchumba hangoji. Nikatoka nje ambako mtandao ulishika. Niliporudi nikakoroga, Bi Tone akaja akakoroga tena mizunguko yake mia mbili, tukafunga stoo. Kopo lilibaki nyuma ya chupa za rafu ya juu, kifuniko pembeni yake. Siku mbili, na mvua ilikuwa inanyesha.

Watahiniwa wetu walikuwa themanini, makundi mawili ya arobaini. Kundi la kwanza liliingia saa tatu asubuhi. Nami nilipima usomaji wa mwalimu: ishirini na tano nukta mbili. Kila kitu kilikwenda salama. Kundi la pili lilikuwa limefungiwa darasani ili wasikutane na wenzao, likisubiri saa sita.

Saa nne na nusu lori likaingia getini. Lilibeba watahiniwa binafsi thelathini, watu wazima kwa vijana, kutoka kituo ambacho paa la maabara yake lilikuwa limeng'olewa na upepo. Walikuwa na barua yenye mhuri, wamekumbatia bureti zao zilizofungwa magazeti, na hawakuwa na hata gramu moja ya kemikali. Barua iliagiza wafanye na kundi la pili. Asidi tulikuwa nayo ya kutosha. Besi iliyobaki kwenye chombo ingetosha watu arobaini tu kati ya sabini.

"Tutengeneze nyingine," nikasema, nikapanda kwenye stuli kuchukua kopo. Nikalishusha polepole sana. Bi Tone aliona uso wangu kabla ya kuona kopo. Akachungulia ndani. Punje zilikuwa zinang'aa kwa unyevu, zimeshikana bonge.

Mvua ilikuwa inapiga mabati, na upande wa pili wa ukuta nilisikia kundi la kwanza wakisogeza stuli. Lilikuwa kopo pekee. Nilisema tuongeze uzito kufidia maji, tupime, turekebishe mpaka nguvu ilingane na ya kwanza. Akanikumbusha kwamba zilizobaki hata zote hazifiki kiasi cha kutosha, kwa hiyo cha kuongeza hakipo. Nikafikiri tena, na hapo ndipo niliposema kitu ambacho mpaka leo kikinijia nikiwa naoga, nafunga maji nasimama tu. Nilisema wanafunzi wetu wapewe besi ya zamani, wageni wapewe mpya, na kwenye fomu tuandike ile namba moja. Tofauti ni ndogo. Nani atajua?

Mbele ya wanafunzi Bi Tone aliniita Mwalimu, na ndani ya stoo aliniita mwanangu. Ilikuwa hivyo tangu tulipozoeana.

"Mwalimu," akasema ndani ya stoo. "Wale watajua. Watajua miaka yote, na watadhani ni macho yao."

Basi ikawa chombo kimoja. Tuliyeyusha bonge lote lililokuwa ndani ya kopo, tukiongeza maji yaliyokenekwa, mpaka ujazo ukatosha, tukangoja lipoe kwa sababu kostiki ikiyeyuka inachemka yenyewe. Tukamimina juu ya besi iliyobaki. Akakoroga. Mia mbili, kwa sauti, na saa ya ukutani ikituangalia. Kisha tukapima, yeye meza hii na mimi meza ile, tumepeana migongo, kila mtu ameandika kwenye kipande chake cha karatasi. Mimi nilipata ishirini na tatu nukta mbili. Nikageuka. Karatasi yake: ishirini na tatu nukta mbili. Nilikuwa nimepiga magoti kuisoma bureti, na hakuna aliyeniambia.

Ilibaki fomu. Fomu ya usomaji wa mwalimu ina kisanduku kimoja. Bi Tone akachukua rula, akakigawa katikati kwa mstari: kundi la kwanza, kundi la pili. Mkuu wa shule, aliyekuwa amekuja kuharakisha mambo, akaona mstari ule akawa kama amekanyaga msumari. Yeye si mtu mbaya. Ni mtu anayeogopa barua. Alisema fomu yenye namba mbili itatuletea barua ya kutaka maelezo, na barua ya maelezo inaleta wakaguzi. Akamkumbusha Bi Tone kwamba mkataba wake ni wa mwaka mmoja mmoja, na unasainiwa mwezi ujao. Akashauri tuandike namba moja, Mungu atawasaidia wengine.

Bi Tone akasikiliza mpaka mwisho. Alimwomba radhi mkuu, kweli alimwomba radhi, kisha akaandika chini ya fomu kwa mwandiko wake wa kwenye plasta: besi ya kundi la pili imechanganywa na kostiki iliyovuta unyevu, kopo liliachwa wazi.

"Liliachwa wazi na nani?" akauliza mkuu.

"Maabara ni yangu," akajibu, na akaweka sahihi.

Nilikuwa bado sijamaliza majaribio kazini. Sijathibitishwa. Nilikuwa na harusi inakuja. Nasema haya si kwa kujitetea, ila nataka ijulikane nilikuwa nawaza nini wakati mwanamke huyu anabeba kopo langu. Nilihesabu vigae vya ukutani, juu kwenda chini, vilikuwa kumi na moja. Ndipo nikanyoosha mkono nikaomba kalamu, nikaandika kwamba aliyeacha kopo wazi ni mimi, mwalimu wa somo, nikasaini chini yake. Mkuu akatutazama wote wawili kama watu waliokunywa kitu cha rafuni. Msimamizi wa mtihani, bwana mmoja mkimya aliyetumwa kutoka nje ya shule, akaichukua fomu, akaisoma mara mbili, akaitia kwenye bahasha akalamba gundi.

Kundi la pili likaingia, sabini, bega kwa bega, watano kila meza. Meza ya mwisho karibu na dirisha alikaa mchomelea vyuma wa miaka arobaini hivi, mikono imejaa alama za cheche, mmoja wa wale waliokuja na lori. Nilijua baadaye kwamba ilikuwa mara yake ya tatu. Alipofika kwenye kusoma bureti alinyoosha kidole, akauliza kama inaruhusiwa kupiga magoti. Msimamizi akasema inaruhusiwa. Bi Tone alikuwa amesimama karibu na mlango wa stoo. Haruhusiwi kusema na mtahiniwa, na hakusema. Lakini nilimwona midomo. Tone moja.

Barua ilikuja, kama mkuu alivyoapa. Ilitukaripia mimi na yeye kwa uzembe wa kutunza kemikali, na aya ya mwisho ikasema kwamba usomaji wa makundi yote mawili umepokelewa na utatumika. Bi Tone hakujali aya za juu. Ile ya mwisho aliikata kwa mkasi akaibandika ndani ya mlango wa kabati la stoo. Mkataba wake ulisainiwa ukiwa umechelewa wiki tatu, kwa manung'uniko, maana hata mkuu alijua kwamba bila yeye hakuna anayejua asidi ipo rafu gani. Mimi nilithibitishwa kazini nikiwa wa mwisho katika orodha. Harusi ilifanyika. Mke wangu mpaka leo, akinipigia simu, anaanza kwa kuuliza kama nimefunika.

Matokeo yalipotoka, kundi la pili halikuwa nyuma ya la kwanza hata kidogo. Jumamosi moja mchomelea vyuma akaja na mashine yake begani. Alikuwa amefaulu. Hakuwa na hotuba. Aliuliza kama kuna kitu kimevunjika. Akachomelea miguu ya meza ya mwisho, iliyokuwa inayumba tangu zamani, akamwamkia Bi Tone kwa heshima, akaondoka.

Siku hiyo ndiyo nilimwambia afanye mtihani yeye mwenyewe. Alicheka sana, akasema atakaa na watoto wa umri wa wajukuu zake wamwonee huruma. Nikamwambia anajua robo tatu ya muhtasari vizuri kuliko mimi. Akasema robo iliyobaki ndiyo itakayomwaibisha. Nikaendelea kumsumbua, na mimi nikimsumbua mtu anajuta kunijua, mpaka akajiandikisha kama mtahiniwa binafsi kwenye shule ya upande wa pili wa mji, kwa kuwa haruhusiwi kufanya pale anapotayarisha. Jioni baada ya vipindi tulikaa stoo, yeye juu ya ndoo iliyogeuzwa, mimi juu ya stuli. Nikamfundisha jedwali la elementi na jinsi ya kusawazisha milinganyo ya kemia, ambayo kwanza ilimkera. Mwisho akasema ni sawa na kupanga viatu mlangoni: vilivyoingia lazima viwe vile vile vitakavyotoka, hata kama vimechanganyika. Sentensi hiyo nayo naitumia darasani.

Siku ya vitendo nilimsindikiza. Alivaa gauni la kitenge lililopigwa pasi, na alikuwa ameacha koti lake jeupe nyumbani, akasema leo yeye si mtu wa maabara. Nilipata woga ambao sikuupata kwenye mtihani wangu wowote. Nikakaa kwenye benchi la nje nikiwa nimepakata mkoba wake, saa mbili nzima, nikijaribu kusoma gazeti na kurudia mstari ule ule. Niliwaza chupa ya pili. Niliwaza mtu wa maabara nisiyemjua, na simu yake, na kopo lake.

Mlango ukafunguliwa. Vijana wakamwagika nje, na papo hapo, kama kawaida yao tangu dunia iumbwe, wakajikusanya kwenye veranda kulinganisha. Wewe ngapi? Mimi ngapi. Mmoja alikuwa anaapa, mwingine ameshika kichwa, namba zinarushwa juu ya vichwa vya watu. Bi Tone akatoka wa mwisho, polepole, miwani ikining'inia kwa uzi. Alikuwa na vumbi kwenye magoti ya gauni. Akapita katikati ya kundi lile kama mtu anayepita sokoni na hana cha kununua, akaja mpaka kwenye benchi akakaa karibu yangu.

Nikamuuliza amepata ngapi.

"Ishirini na moja nukta nane," akasema. "Mara tatu."

"Na wenzako?"

Alichukua mkoba wake mapajani mwangu, akatoa kitambaa, akaanza kupangusa miwani.

"Sikuwauliza."